Mkate Unaozunguka Dunia

Turffontein, Johannesburg
4 Februari 2018

Kwa mwanangu Lorraine,

Hujambo? Kifua kinasemaje na baridi ya huko asubuhi? Unakula, ama unawaachia wenzako maharagwe ukingoja mkate wa saa nne? Mimi sijambo. Huku ni kiangazi, na mvua hupiga jioni kwa hasira kisha huacha ghafla, utadhani imeitwa mahali pengine.

Nyanyako ameniambia simu yako iko kabatini mwake chini ya vitenge, na kwamba uliikabidhi kama mtu anayezika. Pole. Bweni lina sheria zake. Hata mimi nilisoma bila simu, ingawa siwezi kujisifu, maana hazikuwepo. Basi tutaandikiana. Rafiki yangu Mwangi, Mkenya anayefanya kazi benki hapa, husafiri Nairobi kila mwezi na amekubali kubeba barua. Zako zitume kwenye sanduku la posta la dada yake; anwani iko nyuma ya bahasha.

Naomba jambo moja: niandikie kwa Kiswahili. Ofisini nasema Kiingereza kutwa, dukani nasikia Kizulu. Kiswahili cha kila siku nakipata kwa Mama Jeanne tu, msusi Mkongomani ambaye nimepanga chumba kwake. Chake ni cha Lubumbashi. Juzi alinifungulia mlango akasema, “Mama Lorraine, we unakuyaka mangaribi sana, utakula nini?” Alikuwa akinilaumu kwamba narudi jioni sana. Nikacheka hadi chumbani.

Mwaka jana uliniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu “hesabu”, na salio likaisha. Sasa nina karatasi. Tunaunda setilaiti ndogo, kubwa kama mkate wa dukani, ule mrefu. Ikiwa juu itapiga picha za mashamba na mabwawa ya huku kusini, ijulikane wapi pamekauka. Wengine wanashughulikia betri yake, wengine macho yake. Mimi nahesabu njia: itakuwa wapi saa ngapi, na antena yetu ielekee upande gani ili tuzungumze nayo. Nikikosea, tutakuwa tunaongea na hewa tupu.

Mimi ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kukalia kiti hiki hapa. Wageni wakija humwuliza maswali yao kijana aliye kando yangu, ambaye ni mwanafunzi wangu. Mimi huwaacha wamalize, kisha najibu. Mkuu wetu, Mzungu wa Pretoria aitwaye François, hupenda kuwatazama nyuso zao wakati huo.

Niandikie mapema.

Mamako,
Kemunto


Shuleni, Kisii
25 Februari 2018

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni buheri wa afya, kama Mwalimu Khatibu anavyotaka tuandike. Mwalimu Khatibu anatufundisha Kiswahili, na pia ndiye naibu wa mwalimu mkuu, kwa hiyo husoma barua zote zinazoingia na zinazotoka. Anatafuta wavulana. Yako aliisoma kabla yangu akaniambia mtiririko wake ni mzuri, ila umesahau koma mahali pawili. Amezitia.

Kifua kimetulia. Maharagwe nayala, hayana mwenyewe mwingine. Siku ya wazazi nyanya alikuja na kuku na chapati, tukatandika leso kwenye nyasi. Aliwaambia mama za wenzangu kwamba wewe ni daktari huko Afrika Kusini, bila kusema ni daktari wa hesabu. Mmoja akaanza kumweleza habari za goti lake, na nyanya, badala ya kusema ukweli, akamshauri apake mafuta ya moto.

Nina maswali mawili. La kwanza: huo mkate ukifika juu nani anaushikilia? Kwa nini hauanguki? Nilimwuliza mwalimu wa fizikia akasema tutafika huko kidato cha tatu. Mimi siwezi kungoja hadi kidato cha tatu.

La pili: ulisema mkataba wako ni wa miaka miwili na mwaka huu ndio wa pili. Ukiisha, unarudi? Jibu hili la pili kwanza.

Binti yako,
Lorraine


Turffontein
18 Machi 2018

Lorraine wangu,

Salamu kwako, na kwa Mwalimu Khatibu, ambaye najua anasoma. Mwalimu, ahsante kwa kumtunza mtoto, na kalamu yako nyekundu iweke mbali na barua zangu, tafadhali. Mafua yalinipitia wiki jana yakaondoka. Sasa ni mzima.

Nitaanza na swali la kwanza, hata ukinuna. Hakuna anayeushikilia. Unaanguka. Unaanguka mchana na usiku bila kupumzika. Unakumbuka tulipopanda kilima cha Manga na mjomba wako, ukarusha jiwe kutoka ukingoni? Lilikwenda mbele huku likishuka, likagonga mteremko. Ukilirusha kwa nguvu zaidi, linagonga mbali zaidi. Sasa fikiria mkono ambao haujawahi kuwepo, urushe jiwe kwa kasi kubwa hivi kwamba kila linaposhuka kidogo, dunia nayo, kwa kuwa ni mviringo, imejikunja kidogo chini yake. Jiwe linashuka, ardhi inakwepa, jiwe linashuka, ardhi inakwepa, hadi limezunguka na kutokea nyuma ya mgongo wako. Kulipatia jiwe kasi ile ni kazi ya roketi. Kujua liko wapi kila dakika ni kazi yangu. Nilipoelewa jambo hili nilikuwa na umri kama wako, na wiki nzima sikufaa kwa lolote. Nilikuwa nikitembea katika chai ya babu yako nikitazama juu na kujikwaa kwenye mashina.

La pili. Nilipokuacha kwa nyanyako ukiwa na miaka tisa, nilisema naenda kusoma tu, nikimaliza narudi kufundisha. Nikamaliza, kazi hii ikaja, nikasema miaka miwili. Unanidai jibu la kweli, nami ninalo nusu. Mkataba unaisha Desemba. Setilaiti ikifanya kazi, itafuata nyingine na watanihitaji. Ikishindwa, mradi unafungwa, na mimi narudi Kisii kushika chaki. Itaruka wiki ijayo. Sijui itakuwaje, na sitajifanya kwamba sijui ninachotaka: nataka ifanye kazi.

Mamako


Shuleni, Kisii
31 Machi 2018

Mama,

Shikamoo. Niko salama. Nyanya alimpigia Mwalimu Khatibu kumwambia kwamba roketi imeruka vizuri, naye akanitangaza gwarideni mbele ya shule nzima, nikatamani kuzama.

Jioni hiyo baada ya chakula bweni letu lote tulisimama nyuma ya jiko. Tulingoja sana. Kisha taa ndogo nyeupe ikatokea upande wa Ziwa, ikapita juu yetu bila kelele na bila kupepesa, ikaenda zake. Wasichana walipiga vigelegele. Mpishi alitoka na mwiko akidhani tumeona nyoka. Sasa naitwa Binti Setilaiti, hata na wa kidato cha nne, ambao kwa kawaida hawatuiti kwa majina.

Mimi nilifurahi sana. Lakini nilipolala nikakumbuka nusu ya jibu lako, kwamba ikifanya kazi vizuri hutarudi. Nikajigeuza upande wa pili.

Wiki ijayo tunafunga. Nitakupigia kutoka kwa nyanya. Mama Jeanne huwasuka watu bei gani? Anajua mtindo unaodumu muhula mzima? Je, anaona setilaiti kutoka huko?

Binti yako,
Lorraine


Turffontein
13 Mei 2018

Mwanangu,

Habari za muhula mpya? Blanketi la pili nyanyako alilipata? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umechoka.

Aprili kwenye simu ulikuwa ukicheka sana, nikashindwa kukuharibia. Sasa nakuambia. Imenyamaza. Siku mbili za kwanza tuliisikia, mlio mwembamba wa redio ukisema mimi ni fulani, betri yangu iko hivi. François alifungua chupa, mimi nikanywa soda. Siku ya tatu ilipita bila sauti, na ya nne pia. Tangu hapo antena inageuka kuifuata kila inapopita, nasi tunasikia mchakarisho tu, kama redio ya nyanyako ikipoteza stesheni. Wengi wanasema betri imekufa. François ametoa muda hadi mwisho wa Agosti, kisha atafunga. Kama imekufa kweli, Krismasi nitakuwa nyumbani, na nitabaki.

Kuna jambo la pili, na hili linaniuma kuliko la kwanza. Ile taa mliyoiona si yetu. Yetu ni ndogo mno, hakuna jicho linaloweza kuiona, hata lako. Mliona kitu kikubwa cha watu wengine. Ningeweza kukuacha uendelee kuitwa Binti Setilaiti, lakini siku moja utasoma mwenyewe, na utajua kwamba nilikuacha ukishangilia cha watu nikijua. Pole sana.

Mama Jeanne anasema mtindo unaodumu muhula mzima upo, ila utaumwa na kichwa wiki ya kwanza. Haoni setilaiti. Siku hizi akisikia fununu za fujo dhidi ya wageni huko Jeppestown hufunga saluni yake mapema, na hutazama barabarani tu.

Mamako


Shuleni, Kisii
10 Juni 2018

Mama,

Shikamoo. Nipo.

Niliwaambia wenzangu ukweli kwa sababu wewe umesema ukweli. Wameacha kuniita Binti Setilaiti.

Nataka kukuambia kitu, na Mwalimu Khatibu akitaka asome. Ulipoandika kwamba imenyamaza, nilifurahi. Nililisoma hilo neno tena na tena. Ijumaa kwenye ibada ya vijana, kiongozi aliposema kila mtu atoe ombi lake moyoni, mimi niliomba isipatikane. Na Ijumaa zote tangu hapo naomba hilohilo. Sijui kama ni dhambi kuuombea mkate kifo. Najua wewe ni wa kwanza, na nyanya huwaonyesha picha yako hata watu waliokuja kununua mayai. Lakini mimi sikuomba mama wa kwanza. Naomba mama wa hapa.

Ikiwa imekufa, bado inazunguka? Itazunguka hadi lini?

Lorraine, binti yako


Turffontein
8 Julai 2018

Lorraine wangu,

Natumai u mzima. Huku baridi imefika, tunaota jiko la umeme kwa zamu. Mimi ni mzima.

Ndiyo, hata ikiwa imekufa bado inazunguka. Itazunguka miaka kadhaa, hadi ile hewa nyembamba ya huko juu iipunguze kasi, ishuke na kuungua kabla ya kufika chini. Nimeanza na hilo kwa sababu nililipenda. Umenikasirikia, na bado unauliza.

Ombi lako halikunikasirisha. Nililia jikoni, ni kweli, lakini nililia kwa sababu una haki. Wiki nzima nilitembea na maneno yako, mama wa hapa. Sasa sikiliza yaliyotokea, hatua kwa hatua, maana hili kazini hakuna mwingine anayelijua.

Roketi ile haikubeba yetu peke yake. Huko juu ziliachiwa nyingi kwa pamoja, kama vifaranga wanaomwagwa kutoka kikapuni. Wanaochunga anga kwa rada hutoa orodha ya vitu vyote vilivyo juu, kwa namba tu, bila majina. Kila timu hujichagulia chake. François alitazama mpangilio wa kuachiwa akasema, “Chetu ni hiki.” Ana mvi, na alianza kazi hii mimi nikiwa shule ya msingi. Mimi niliyelelewa Kisii, mzee akisema ng'ombe huyu ni wangu, nitamwomba anionyeshe alama? Mwanafunzi wangu, Mzulu, naye kalelewa vivyo hivyo. Tukaanzia pale sote, nami nikapiga hesabu nzuri sana juu ya kitu ambacho hatukukihakiki.

Wiki hii nilirudi mwanzo. Kuna watu duniani wanaosikiliza setilaiti kwa redio za nyumbani, kwa kujifurahisha tu, na huweka mtandaoni wanachorekodi. Nilikusanya milio yetu ya zile siku mbili. Unajua pikipiki inavyokupita barabarani: inakuja na sauti nyembamba, inakwenda na sauti nzito, na pale inapobadilika ndipo iko karibu nawe kabisa. Setilaiti nayo ni hivyo. Nikapima mlio ulibadilika saa ngapi kwa kila msikilizaji. Haukulingana na kitu cha François hata mara moja. Ulilingana na kingine, kinachotangulia mbele yake. Mwanzoni vilikuwa jirani, ndiyo maana tuliisikia. Kila siku cha mbele kikazidi kutangulia, na sasa kinapita na kuzama kabla antena yetu haijainuka. Yawezekana haijafa hata kidogo. Inapita ikituita, nasi tumeelekea kwingine.

Hilo nilikuwa nalo Ijumaa mchana. Sikumwambia mtu. Nilifunga kompyuta nikaondoka mapema, na kwenye robot, jina la huku la taa za barabarani, ikawaka kijani mimi nikabaki nimesimama hadi magari yakanipigia honi. Nilikuwa nikiwaza kwamba nikinyamaza hadi Agosti iishe, mradi utafungwa na Desemba niko kwako. Ombi lako litakuwa limejibiwa, na hakuna atakayejua nani alilijibu.

Jumamosi Mama Jeanne alinisuka. “Mama Lorraine,” akasema, “kichwa yako iko nzito leo. Unawaza nini?” Nikamweleza yote, na yeye ni mtu wa kuuliza kukushinda: ile kitu inaona sisi, inasikia baridi, iko na mwenyewe? Mwishoni nikamwuliza yeye angefanya nini.

“Miye?” akasema. “Miye ningenyamaza. Batoto yangu ine iko Lubumbashi. Ningenyamaza, na kesho ningekuwa ndani ya bisi.” Akasuka mistari miwili. “Lakini we hautaweza. Tangu umeanza kunielezea, unacheka tu.”

Nikainua macho kwenye kioo. Ni kweli, nilikuwa nikicheka.

Kesho Jumatatu namwambia François. Sikuombi ruhusa, kwa sababu huo si mzigo wa mtoto, nami sitaki siku moja ufikiri ulinibebea. Nakuambia wewe kabla yake kwa sababu uliniambia ukweli wako mbele ya kalamu nyekundu. Nakupenda, na najua leo hilo halitoshi.

Mamako


Turffontein
29 Julai 2018

Mwanangu,

U hali gani? Mwangi amerudi kutoka Nairobi mikono mitupu. Sikulaumu. Nataka tu kujua kama unakula.

Nilimwambia François. Alivua miwani akaisafisha muda mrefu. “Basi nimewapotezea miezi,” akasema. Kisha akaniambia nimwachie hesabu zangu atafute kosa. Amelitafuta wiki mbili na hajaliona, lakini sasa antena imekodishwa kwa wengine. Katikati ya Agosti nitapewa nafasi ya kusikiliza mara mbili inapopita. Mbili tu. Ikiwa nimekosea, itakuwa mwisho, na sitakuwa na mtu wa kumlaumu.

Naogopa, Lorraine. Sijui hata ninaogopa lipi.

Mamako


Turffontein
9 Septemba 2018

Lorraine wangu,

Salamu nyingi za muhula wa tatu. Nyanyako anasema umerefuka na kwamba likizo yote nilipokuwa nikipiga simu ulikwenda kuteka maji, hata pipa lilipokuwa limejaa pomoni. Amesema maua yake hayajawahi kumwagiliwa namna ile. Haidhuru. Nakuandikia hata kama barua hii nayo itaishia kwenye maua.

Setilaiti ilipopita mara ya kwanza, tulielekeza antena nilikosema. Mchakarisho. Dakika zikaisha, ikazama. François alitazama saa yake, kisha akanivutia kiti kwa adabu, jambo lililonitia hofu zaidi. Tulikunywa chai iliyopoa. Nilipitia hesabu tena nikaona nimeweka antena chini kidogo kuliko inavyotakiwa, nikarekebisha kwa upana wa kidole. Mara ya pili mwanafunzi wangu ndiye aliyevaa vipokea sauti. Niliona mabega yake yakipanda. Akavivua akanivalisha mimi.

Mlio. Mwembamba, ukaja, ukapita, ukageuka mzito. Betri nzima, kila kitu kizima. Miezi yote hiyo ilikuwa ikizunguka na kusema jina lake. Siku ya tatu ikatuletea picha ya bwawa, maji katikati na tope lililopasuka pande zote. Sijawahi kuona tope zuri vile. François aliwaita wote akasema, “Mimi niliwaonyesha kitu kisicho chetu. Njia hii ni ya Daktari Kemunto.” Mtu wa umri wake kusema hivyo mbele ya vijana si jambo dogo.

Sasa lililobaki. Itaundwa nyingine, na wananitaka niongoze hesabu zote, miaka mitatu. François anataka jibu kabla ya Oktoba kuisha. Sijajibu. Nilisema ukweli wa setilaiti bila kukuuliza, kwa kuwa ule haukuwa wangu wala wako. Huu wa miaka mitatu ni wetu wawili. Nasubiri barua yako, na ikiwa haiji nitajua namna ya kuisoma.

Mamako


Shuleni, Kisii
7 Oktoba 2018

Mama,

Shikamoo. Sijambo. Kifua hakina neno, ninakula, na nimekuwa wa tatu katika hesabu. Barua hii Mwalimu Khatibu hajaisoma. Leo ni siku ya wazazi, na nyanya ataitoa nje ndani ya sufuria ya kuku, chini ya kitambaa. Nimemwambia asiifungue, naye ameniapia kwa jina la babu.

Ile ndefu ya Julai niliipata. Niliikunja nikaitia ndani ya raba ya michezo, na sikuijibu makusudi. Ulikuwa umeshaamua, sasa ningejibu nini. Hayo maji ni kweli niliteka. Ulipopiga mara ya mwisho nilikuwa nimesimama nje ya dirisha na ndoo, nikasikia ukimwuliza nyanya kama nimerefuka.

Ile ya Septemba Mwalimu Khatibu aliniletea darasani, katikati ya jiografia. Alikuwa ameisoma, uso wake ulishindwa kuficha. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye mlio nilipiga kelele, mwalimu wa jiografia akaangusha chaki. Nikasema, “Iko hai, ilikuwa mbele,” na wote wakaanza kuuliza nini kiko mbele ya nini. Ikabidi niwachoree ubaoni, vifaranga, pikipiki na yote. Mwalimu mwenyewe alikaa akauliza kwa nini cha mbele kinazidi kutangulia badala ya kungojea mwenzake. Sikujua. Niambie. Kengele ilipolia ndipo nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyeomba isipatikane.

Nilikwenda nyuma ya bweni kulia. Nilijikasirikia kwa kufurahi. Tangu siku hiyo nimejaribu kuirudisha hasira yangu ilivyokuwa, na imekataa. Imebaki huzuni tu, ambayo haina kazi.

Sasa jambo ambalo haliwezi kupitia kwa Mwalimu Khatibu. Mwezi wa sita, wiki ile niliyokuandikia ile barua mbaya, nilivunja ungo. Ilikuwa Jumanne, kipindi cha kilimo, na aliyeketi nyuma yangu ndiye aliyeona. Alinifunga sweta lake kiunoni. Matroni alinipa alivyonipa na akaniambia mambo ambayo nadhani ni ya kweli. Nyanya alipojua likizoni alichinja kuku, akala yeye zaidi, akalia. Wote wamenifanyia vizuri. Lakini nilitaka wewe ujue kwanza, kabla ya mtu yeyote. Ulipoandika kwamba umeniambia mimi habari ya mkate kabla ya François, nilielewa umenipa heshima kubwa, na hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu mimi yangu sikuweza kukupa. Ulikuwa mbali.

Kwa hiyo sitaandika kwamba ni sawa. Si sawa. Lakini nimejaribu kukuwaza hapa Kisii ukisahihisha madaftari ya watu, wakati ile inapita juu na mtu mwingine anaihesabu, na sikuipenda sura yako. Ningekuwa nimekupata wewe ambaye umechoka kunitazama. Simtaki huyo.

Mwambie François ndiyo. Halafu panda ndege, hata kama ni ya siku mbili, uje uniambie mwenyewe kwamba umemwambia. Nami nitakueleza ya Jumanne ile tangu mwanzo, kwa sauti, nawe usikilize kama ambaye hajayasoma hapa.

Binti yako,
Lorraine